Homa ya Ini C ya Mzazi: Yapasa Watoto Waulize Nini Kwanza

Aghalabu habari hii haitafutwi, hujitokeza yenyewe. Mzazi amekwenda hospitali kwa haja nyingine kabisa, pengine kwa sababu ya sukari au presha, pengine kutayarishwa kwa upasuaji wa ngiri, na miongoni mwa vipimo vya damu ambavyo matabibu huviagiza kwa desturi kimetoka kimoja kisemacho kwamba ana homa ya ini aina ya C. Yeye mwenyewe hana homa, macho yake si ya manjano, na alfajiri ile alikwenda msikitini kwa miguu yake kama siku zote. Anarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne katika mfuko wa kanzu, na jioni, baada ya kusitasita, anampa mwanawe aliyesoma ili amfasirie.

Yanayofuata baada ya karatasi ile kufunguliwa ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Katika nyumba nyingi swali la kwanza, hata kama halitamkwi kwa kumheshimu mzazi, huwa ni hili: aliyapata wapi? Na kwa kuwa mtoto amekwisha kusikia kwamba maradhi haya huenea kwa damu, na kwamba huwapata sana wanaojidunga dawa za kulevya, na kwamba huenda hata zinaa ikayaleta, dhana mbaya huanza kumea pale ambapo jana palikuwa na mapenzi matupu. Mama humtazama baba kwa jicho jingine, ndugu hunong'onezana uani, kikombe cha mzee huwekwa peke yake, na mzee, ambaye hana jibu kwa kuwa hajui, hukaa kimya. Na kimya chake huhesabiwa kuwa ni ungamo. Miezi hupita karatasi ikiwa kabatini, hali ya kuwa jambo lililotakiwa kufanywa wiki ileile lilikuwa jepesi na moja tu, nalo ni kipimo cha pili.

Nataka kubainisha kwamba swali la "aliyapata wapi" lina mahali pake, ila si mahali pa kwanza. Yapo matatu yanayostahili kulitangulia: je, kirusi bado kimo mwilini mwa mzazi wetu? Ini lake limefikia hali gani? Na dawa tutaipata wapi? Nyumba itakayoyauliza haya kwa utaratibu huo itakuwa imemtendea mzazi insafu, na yamkini itakuwa imemwokoa, kwa sababu maradhi haya, ambayo kwa muda mrefu yalihofiwa kuwa ya kudumu hadi kaburini, leo yanapona.

Maradhi yenyewe

Homa ya ini C huletwa na kirusi kinachokaa katika chembe za ini na kutembea katika damu. Njia yake kuu ni damu ya mmoja kuingia katika damu ya mwingine: sindano iliyowapitia watu wawili au zaidi, damu ya kuongezewa ambayo haikupimwa, vyombo vya upasuaji au vya kung'olea meno visivyotakaswa ipasavyo, wembe wa chale, wa jando au wa hijama uliohama kutoka ngozi hii hadi ngozi ile. Mama mwenye kirusi aweza kumwambukiza mwanawe wakati wa mimba au uzazi, jambo linalowapata takriban watoto 5 au 6 katika kila 100. Ama baina ya mume na mke, maambukizi kwa njia ya unyumba ni nadra sana, na hapo ndipo maradhi haya yanapotofautiana na UKIMWI na homa ya ini B, ambayo watu wengi huichanganya na hii kwa sababu katika nchi zetu za Afrika Mashariki hiyo B ndiyo iliyoenea zaidi.

Na yapasa isemwe bayana, maana juu ya jambo hili dhuluma nyingi hutendeka majumbani: kirusi cha homa ya ini C hakiambukizwi kwa chakula wala maji, kwa sahani wala kikombe, kwa kukumbatiana, kupeana mikono, kubusu wala kwa maziwa ya mama. Mzee anayetengewa sahani yake kando ilhali wenziwe wanakula pamoja katika sinia moja hakingi mtu yeyote na chochote, anaadhibiwa tu. Vinavyopasa kuwa vyake peke yake ni vile vinavyoweza kushika damu, yaani mswaki, wembe na mkasi wa kucha, navyo katika nyumba yenye usafi vilipaswa kuwa vya kila mtu na chake tangu hapo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wapatao milioni 50 walikuwa wakiishi na kirusi hiki, na kwamba mwaka huo kiliwaua watu 242,000. Katika hao milioni 50 takriban thuluthi moja tu, kwa hesabu ya shirika hilo 36 katika kila 100, ndio waliokuwa wamekwisha kupimwa wakajijua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini katika jambo hili mzee hakuyaficha maradhi, maradhi ndiyo yaliyojificha kwa mzee.

Sindano za Misri

Atakaye kufahamu jinsi mtu mwema, asiyejua ulevi wala utangatanga, anavyoweza kuzeeka na kirusi hiki mwilini, na aitazame Misri. Katika mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji ya mto Nile kichocho kiliwatesa wakulima tangu enzi za Mafirauni, maana konokono wanaokibeba hupenda maji yaleyale ambayo mkulima husimama ndani yake mchana kutwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunayajua maradhi hayo vema, Unguja, Pemba na pwani za Ziwa Viktoria. Na hata wale wasioyajua kwa mwili wao walimjua mmoja wa waliokufa kwa ajili yake, maana mwimbaji Abdel Halim Hafez, ambaye sauti yake ilivuma katika redio za pwani yetu, alifariki London mwaka 1977 kwa maradhi ya ini yaliyotokana na kichocho alichokipata utotoni kijijini kwao.

Dawa ya kichocho ya zama hizo ilikuwa chumvi ya madini ya antimoni, ambayo tabibu Mwingereza J. B. Christopherson aliitangaza mwaka 1918 kutokana na kazi yake huko Khartoum. Haikuwa ya kumeza; ilitiwa katika mshipa wa damu, tena kwa sindano nyingi, zaidi ya kumi, zilizogawanywa kwa wiki kadhaa. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Misri iliipeleka dawa hiyo vijijini kwa kampeni kubwa, na kwa nia njema isiyo na shaka. Watu walipangwa mstari, watoto na watu wazima; mbele yao palikuwa na meza, na juu ya meza mabomba machache ya kioo na sindano za chuma zilizochemshwa na kutumika tena na tena. Mchoma sindano, ili ahakikishe kwamba ameupata mshipa, huvuta kidogo nyuma mpaka aone damu inaingia katika bomba, ndipo asukume dawa. Damu hiyo ndogo, isiyozidi tone, ndiyo iliyokuwa safari ya kirusi. Kwani mstari ulipokuwa mrefu na moto ukawa mdogo, bomba lilimfikia wa pili kabla halijachemka vya kutosha kuua kilichoachwa na wa kwanza.

Hivyo watu waliokwenda kutibiwa kichocho walirudi makwao na kirusi kisichokuwa na jina. Mwaka 2000 watafiti walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi uliolinganisha wingi wa sindano zile na wingi wa homa ya ini C, wakaonesha kwamba marika na majimbo yaliyochomwa zaidi ndiyo yaliyougua zaidi. Mwaka 2008, uchunguzi wa afya wa taifa ulipopima damu za Wamisri wa miaka 15 hadi 59, takriban 15 katika kila 100 walikutwa na alama ya kirusi hicho, kiwango ambacho hakikuwa na mfano katika taifa jingine lolote kubwa.

Sasa fikiri juu ya mtoto wa Kimisri ambaye babake, mkulima wa jimbo la Sharqia, anaambiwa leo kwamba ana homa ya ini C. Kosa la mzee huyu ni lipi? Ni kwamba alikuwa mtiifu. Alipoitwa na wauguzi wa serikali alikwenda, akanyoosha mkono, na wiki iliyofuata akaenda tena. Wala yule muuguzi hakuweza kujua. Ilipofika mwaka 1975 Harvey Alter na wenziwe huko Marekani walikuwa wametambua tu kwamba wako watu wanaougua ini baada ya kuongezewa damu ilhali hawana A wala B. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989 na Michael Houghton, Qui-Lim Choo, George Kuo na wenzao, na kipimo cha damu kikaanza kutumika mwaka 1990. Charles Rice akathibitisha baadaye kwamba kirusi hicho peke yake chatosha kuleta maradhi, na mwaka 2020 Alter, Houghton na Rice wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli. Alhasili, kwa kila aliyeambukizwa kabla ya mwaka 1989, hapakuwapo tabibu yeyote duniani aliyeweza kumwonya juu ya kirusi hiki.

Na Misri haiko peke yake. Katika Afrika ya Kati wataalamu, akiwamo Jacques Pépin wa Kanada, wamechunguza jinsi kampeni za sindano za zama za ukoloni, dhidi ya malale, malaria na mengineyo, zilivyoeneza virusi vya damu kwa vizazi vilivyochomwa. Nchini Rwanda maradhi haya yalionekana kuwalemea wazee kuliko vijana. Mzee wa leo wa Kigoma, Bujumbura au Lamu alikuwa mtoto wa zama za bomba la kioo na sufuria ya kuchemshia, na huenda yeye naye alinyoosha mkono alipoambiwa anyooshe.

Sisemi kwamba kila mzazi aliyapata kwa njia hiyo. Wako waliojidunga heroini ujanani, Mombasa, Malindi, Dar es Salaam na Unguja, wakatubu, wakaoa, wakalea. Na wengine wangali katika mashaka hayo. Hao nao ni baba na mama za watu. Dawa inayomponya aliyechomwa na muuguzi humponya pia aliyejichoma mwenyewe, na mtoto hana haki ya kuwa na choyo kuliko dawa.

Kipimo cha kwanza na kipimo cha pili

Turudi kwenye karatasi ya mzee. Kipimo cha kwanza aghalabu hufanywa kwa kijibamba cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole. Ncha ya kidole cha mzee hupanguswa kwa spiriti na kutobolewa, tone la damu huangushwa katika kitundu cha kijibamba, hufuatishwa matone ya maji ya dawa, na baada ya takriban dakika ishirini dirisha dogo husomwa. Mstari mmoja mbele ya herufi C ni salama. Mistari miwili, wa C na wa T, ni dalili. Na hapa wengi wamestuka bure kwa kudhani kwamba C hiyo ni jina la maradhi, hali ya kuwa ni alama ya kuthibitisha kwamba kipimo chenyewe ni kizima, nayo sharti itokee kwa kila mtu.

Mistari miwili ikitokea, maana yake ni kwamba damu ya mzee ina kingamwili za homa ya ini C, yaani askari ambao mwili wake uliwaandaa siku kirusi kilipoingia. Askari hao hawaondoki maisha. Ni nyayo za mgeni mbele ya mlango: zaeleza kwamba alifika, wala hazielezi kama yumo ndani au alikwisha kwenda zake. Na kwa hakika wako wanaomfukuza wenyewe, bila dawa, katika miezi sita ya mwanzo. Hao ni takriban 30 katika kila 100. Hata huko Misri, katika wale 15 wa kila 100 waliokutwa na alama mwaka 2008, wenye kirusi hai walikuwa takriban 10.

Kwa hiyo mtu aliyefanya kipimo cha kwanza peke yake hajaambiwa kwamba anaumwa. Ameambiwa kwamba yapasa apimwe tena. Kipimo cha pili hutafuta kirusi chenyewe katika damu iliyovutwa mkononi, na katika hospitali nyingi za mikoa na kaunti mashine zilezile zinazopima kifua kikuu kwa njia ya vinasaba zaweza kukifanya, zikiwekewa vifaa vyake. Mtoto anayetaka kumsaidia mzazi wake na aende hospitali na kauli hii fupi: "Daktari, mzee alikutwa na kingamwili za homa ya ini C, twaomba apimwe wingi wa virusi." Jibu likija kwamba kirusi hakipo, shukrani kwa Mungu, jambo limekwisha, na nyumba nzima na iambiwe hivyo kwa sauti ileile iliyotumika kutangaza habari ya kwanza.

Ini limefikia hali gani

Ikiwa kirusi kipo, swali la pili linafuata. Ini ni kiungo chenye subira kubwa. Hulemewa kwa miaka mingi pasipo kulalamika, likijitengeneza upya pale linapoumizwa, mpaka makovu yanapokuwa mengi kuliko nyama iliyo nzima, ndipo linaposinyaa na kuwa gumu. Katika watu waliokaa na kirusi hiki kwa miaka 20, kati ya 15 na 30 katika kila 100 hufikia hali hiyo ya kusinyaa. Wengine wengi hawaifikii, au huifikia wakiwa wazee sana. Ini likishasinyaa, ndipo hujitokeza zile dalili tunazozijua na kuziogopa: tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, kutapika damu, akili kupotea na kurudi, na hapo pia saratani ya ini hupata mahali pa kuanzia.

Kulijua ini hakuhitaji siku hizi kulichoma na kulikata. Vipimo vya kawaida vya damu, pamoja na hesabu ya chembe zinazogandisha damu, humpa tabibu makisio mazuri, na altrasaundi ya tumbo huongeza ubayana. Mtoto na aulize kwa uwazi: je, ini la mama limekwisha kusinyaa, au bado? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua muda wa dawa, na ndilo litakaloamua kama baada ya kupona ataendelea kupigwa altrasaundi kila miezi 6. Maana kirusi kikiondoka saratani hupunguza tishio lake, lakini kwa ini lililokwisha kusinyaa tishio hilo halifutiki kabisa.

Wakati huohuo yako yanayoongeza mzigo wa ini nayo yaepukwe. Pombe ndiyo ya kwanza, nayo huharakisha kusinyaa kuliko kitu kingine chochote mtu anachokitia mdomoni kwa hiari yake. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zina sumukuvu, ambayo ni adui wa ini. Na mitishamba ya kusafisha ini, inayouzwa mitaani katika chupa zisizo na jina, haijui kirusi hiki wala hakiijui. Mingine huliunguza ini lenyewe. Natambua kwamba mzazi aweza kuwa na imani na mganga wake wa miaka mingi, na kwamba kumkataza kwa ukali ni kumvunjia heshima. Lakini mtoto mwenye adabu aweza kuomba tu kwamba mitishamba ipumzishwe mpaka dawa ya hospitali imalize kazi.

Dawa ipo

Hapo zamani, na zamani hiyo si ya mbali, matibabu ya homa ya ini C yalikuwa sindano za intaferoni kila wiki, kwa miezi 6 hadi 12, pamoja na vidonge, na taabu yake ilikuwa kubwa: homa, huzuni nzito, upungufu wa damu; tena waliopona hawakuzidi sana nusu. Mwishoni mwa mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya kumeza iitwayo sofosbuvir, na tangu hapo mambo yakageuka. Ikiunganishwa na mwenziwe kama vile daclatasvir, kidonge hunywewa kila siku kwa wiki 12, na kwa baadhi ya watu ambao ini lao limesinyaa kwa wiki 24, na wanaopona huzidi 95 katika kila 100. Taabu yake kwa wengi ni kuumwa kichwa na uchovu. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho damu hupimwa tena. Kirusi kisipoonekana, mtu huyo amepona. Kingamwili zitaendelea kuonekana katika kipimo cha kwanza maisha yake yote, na kwa hiyo kila atakapopimwa mahali papya yafaa aoneshe karatasi ya kupona. Wala kingamwili hizo hazimkingi asiambukizwe mara ya pili, na chanjo ya homa ya ini C mpaka leo haijapatikana.

Kabla ya kidonge cha kwanza yako mambo ambayo mtoto aweza kuyakumbusha, kwa sababu wazee wengi wana dawa nyingine nyingi katika mkoba mmoja. Mzazi sharti apimwe kwanza homa ya ini B, maana B iliyolala yaweza kuamka C inapotibiwa. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini, na dawa ya mapigo ya moyo iitwayo amiodaroni hazipatani na dawa hizi. Basi chukua mkoba wote, umimine juu ya meza ya tabibu, na kila pakiti isomwe.

Bei ndiyo iliyowakatisha tamaa watu mwanzoni, na haikosi sababu. Dozi moja ya sofosbuvir ya wiki 12 ilitangazwa Marekani kwa dola 84,000, yaani dola 1,000 kwa kidonge. Misri, iliyokuwa na wagonjwa wengi kuliko subira, ilikaa kitako na mwenye dawa, na mwaka 2014 ikaipata dozi hiyohiyo kwa dola 900. Kisha viwanda vya Misri na vya India vikaanza kutengeneza dawa zilezile, na bei ikashuka chini ya dola 100. Kwa hiyo anayeambiwa leo kwamba matibabu haya ni ya matajiri anaambiwa habari za zama zilizopita. Na aulize katika hospitali ya rufaa, aulize kama bima inalipa, aulize dawa zisizo na jina la kampuni ya awali; na asikate tamaa kwa jibu la dirisha la kwanza.

Adabu ya kuuliza

Sasa, baada ya kirusi kutafutwa, ini kujulikana na dawa kupatikana, lile swali la "wapi" laweza kuulizwa, nalo likija kwa wakati wake hugeuka kuwa la kheri. Mtoto na akae na mzazi wake barazani, jua likiwa limepungua, aanze na mambo ya zamani. "Baba, mlipokuwa wadogo mlichomwa sindano za nini?" Yamkini mzee atacheka kidogo. "Ziliwahi kuja za buba, mwanangu. Tulipangwa mstari mmoja, mimi, ami yako, na shangazi yako akilia nyuma yetu." Katika jibu kama hilo hamna wa kulaumiwa, ila wamo wawili wa kupimwa: ami na shangazi, ambao huenda wanaishi kijijini na kirusi kilekile pasipo habari. Vivyo hivyo mama aliyeongezewa damu katika uzazi kabla ya miaka ya 1990, na wanawe waliozaliwa baada ya damu ile, wote wastahili tone moja la damu ya kidole.

Mzazi asilazimishwe kuyasema yasiyosemeka. Ikiwa katika ujana wake lipo jambo ambalo hapendi wanawe walijue, na alizungumze na tabibu peke yake. Siri ya chumba cha tabibu ni haki yake, na ugonjwa haukumpokonya. Mke au mume naye na apimwe mara moja, bila tuhuma. Na wajukuu waachwe wampande babu yao mapajani.

Ni dhahiri kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa watoto peke yao. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 Misri iliwapima watu wazima wapatao milioni 50, katika hospitali, vituo vya vijana na magari yaliyosimama njiani, ikawakuta zaidi ya milioni 2 wenye kingamwili na kuwaelekeza kwenye vipimo na matibabu ya bure. Na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipa daraja la dhahabu katika njia ya kuyatokomeza maradhi haya, nchi ya kwanza kulipata. Mwaka 2018 Rwanda nayo ilijiwekea mpango wa kuyatokomeza, ikaanza kuwapima wananchi kwa mamilioni. Huko Misri, serikali iliyowachoma wazazi kwa nia njema ikawarudia wazee haohao kwa kidonge. Sijui deni la taifa kwa watu wake lililolipwa kwa uadilifu zaidi ya hilo.

Hapa kwetu, ambako wagonjwa hawakupata kuwa wengi kama wa Misri na kwa sababu hiyo husahauliwa kwa urahisi, naomba mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Kwa wauguzi na matabibu: karatasi ya kipimo cha kwanza isitoke mikononi mwenu ikiwa na neno la kutisha peke yake, andikeni juu yake, kwa Kiswahili, mahali na tarehe ya kipimo cha pili, ili mzee asirudi nyumbani na hukumu isiyo na kesi. Na kwa watoto, wa umri wangu na walio wadogo zaidi: siku karatasi hiyo itakapofunguliwa mbele yenu, msimwulize mzazi lolote kabla hamjamwahidi kwamba mtafuatana naye hospitali, kisha mfuatane naye, mpaka kipimo cha mwisho kisomeke kwamba kirusi hakionekani.